Kadenasi Nyeusi ya Bungulu

Ufunguo uligoma.

Juma lililopita tulimwacha Jemima, binti Kambere, mbele ya mlango wa chumba chake huko Bungulu, jua la saa sita likimwakia utosini, ufunguo umekwama ndani ya kadenasi, kufuli la mlango, ambayo hakuinunua yeye. Yake ilikuwa ndogo, ya manjano. Hii ilikuwa nyeusi, kubwa kama ngumi ya mwanamume. Halafu ndani ya chumba, chumba ambamo Jemima alikuwa anaishi peke yake, mtu akakohoa.

Wengi mmeniandikia: nani alikohoa? Tulieni. Jemima alitaka kujua kuliko nyinyi, tena mlango ule ulikuwa wake, si wenu.

Wanaoanza nasi leo wajue hili tu. Jemima ana miaka ishirini na miwili, anasoma sheria kule Butembo. Majuma matatu yaliyopita alipanda basi kuja Beni kufanya stage, mazoezi ya kazi, kwa Maître Kasonia, wakili anayeandika malalamiko ya watu walioumizwa na vita. Kwao, karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda, alikuwa analala kitanda kimoja na wadogo zake wawili. Beni ndiko alikojifunza kupika fufu ya mtu mmoja, ikatoka mabonge. Alijifunza kupanga bidon ya maji kwenye robinet, bomba la wote, kati ya watu wasiomjua jina. Kila jioni alikuwa anasukuma meza mpaka mlangoni, na bado alikuwa anaogopa: panya juu ya manjanja, yale mabati ya paa, mlio wa mbali usiojulikana kama ni risasi ao ni mlango, hata kimya chenyewe.

Mchana huo Maître alimtuma kuchukua carte yake ya kupigia kura, karatasi za stage zipate sahihi. Carte ilikuwa ndani. Na ndani kulikuwa na mtu.

Jemima akavuta pumzi apige kelele.

Mkono ukamziba mdomo kutoka nyuma. Ulikuwa mkono wa baridi, wenye unga.

"Hapana piga kelele," sauti ikamnong'oneza sikioni. "Ukipiga kelele, batamuua."

Alikuwa Mama Kanyere, mwenye parcelle ile, ua na nyumba zake, mjane aliyekuwa anauza unga wa muhogo kwenye nyumba kubwa ya mbele. Akamvuta Jemima, ufunguo umechomoka na kubaki mkononi mwake, mpaka nyuma ya jiko, akamwachilia. Unga ulibaki mashavuni mwa msichana kama mtu aliyejipaka kwa ngoma.

"Nani iko mu chumba yangu, mama?"

"Mutoto yangu."

"Mutoto gani? Uliniambia ulibakia peke yako."

"Léa."

Jemima alirudi nyuma hatua moja. Jina hilo alilijua. Picha ya Léa ilikuwa ukutani kwa Mama Kanyere, imezungushiwa maua ya plastiki. Watu wa porini, waasi wenye bunduki, walimchukua kwenye shamba la kakao, miaka miwili imepita. Matanga yalikaliwa, misa ilisomwa, watu wakala, wakaenda.

"Léa alikufaka," Jemima akasema.

"Na mie nilijua vile. Asubui ya leo ninafungulia kuku, ninaona mutu amekaa nyuma ya choo. Nikaokota jiwe. Nikalinyanyua. Ule mutu akaniita mama."

Mama Kanyere alionyesha kwa mkono jinsi alivyolinyanyua lile jiwe, na mkono ukabaki juu, umesahau kushuka.

"Mais juu ya nini kwangu?" Jemima alianza kulia kwa hasira. "Juu ya nini si kwako?"

"Kwangu batu banaingia kutwa juu ya unga. Kwako hakuna mutu anaingiaka. Weye huna mutu hapa Beni, mutoto yangu. Nilipiga kadenasi yako na nyundo. Unisamehe."

Weye huna mutu hapa. Katika yote aliyoyasikia mchana ule, neno hilo ndilo lililomchoma.

"Na batu bakimuona kuko nini? Si ni mutoto wa hapa ku avenue?"

"Ametoka pori! Miaka mbili iko kule. Unajua batu banasemaka nini juu ya mwenye kutoka kule? Banasema ametumwa. Banasema ameletwa kuonyesha njia."

Kabla Jemima hajajibu, sufuria zikaanza.

Moja kwanza, upande wa mto. Halafu tatu. Halafu avenue nzima, mtaa wote, ikawa inalia: vijiko juu ya sufuria, mawe juu ya nguzo za chuma, filimbi. Beni haina mtu mzima wala mtoto asiyejua maana yake. Maana yake: kuna mgeni kati yetu.

Mama Kanyere alitia mkono kifuani, akagusa kitu kilichofungwa kwenye pembe ya kikwembe, kitenge alichojifunga. Ufunguo.

"Simama ku mlango yako," akasema. "Simama kama mutu mwenye kutoka ku kazi. Nakuomba."

Na Jemima, sijui ni kwa utii ao kwa woga, akaenda akasimama.

Waliingia kwa fujo, labda watu thelathini. Wa mbele alikuwa Papa Syauswa, chef wa avenue, mkubwa wa mtaa, mzee mwembamba mwenye cahier, daftari lake, kwapani. Nyuma yake vijana, na mbele ya vijana hao mmoja mwenye kofia nyekundu, jiwe mkononi.

"Batu bameona mutu asubui ku mto," chef akasema, anahema. "Anachechemea, amevaa matambara. Hajulikane. Tunaingia nyumba kwa nyumba. Huyu ni nani?"

Alikuwa anamtazama Jemima.

"Ni stagiaire, Papa chef," Jemima akajibu. "Ninafanya stage kwa Maître Kasonia."

"Nani alikuandikisha mu cahier yangu?"

Hakuna. Hakuna aliyemwambia kwamba mgeni anajiandikisha kwa chef wa avenue. Kwao Butembo, baba yake ndiye aliyekuwa anafanya mambo ya namna hiyo, na yeye hakuwahi kuuliza.

"Sikujua, Papa. Niko hapa majuma tatu tu."

"Majuma tatu hapa, na hakujua," kofia nyekundu akasema. "Carte?"

"Iko mu nyumba."

"Fungula basi."

Wasomaji wangu, mmeona alipofika? Msichana alikuwa na ufunguo mkononi, na kila mtu aliuona. Angesema nini? Akauingiza. Akajifanya anazungusha. Ufunguo ulifanya kikikikiki ndani ya ile kadenasi nyeusi, na haukuzunguka.

Sufuria zilinyamaza. Kilichosikika kilikuwa kikikikiki tu.

"Muangalie!" kofia nyekundu akapaza sauti. "Ata ufunguo ya nyumba yake haimujue!"

Jemima alimtazama Mama Kanyere. Ufunguo wa kweli ulikuwa pale, hatua nne, ndani ya pembe ya kikwembe. Neno moja tu la yule mama lingemwokoa. Mama Kanyere alikuwa anatazama chini, anahesabu vidole vya miguu yake.

Basi ndivyo ilivyo, Jemima akawaza. Mtoto wake ao mimi.

Angeweza kusema. Mnaelewa? Angeweza kunyoosha kidole na kusema, mwenye munatafuta iko mule, na angekuwa huru saa ile ile. Ulimi ulikwisha kuinuka. Ndipo akasikia, nyuma ya mbao za mlango, karibu kabisa na mgongo wake, pumzi ya mtu anayejikaza asikohoe.

Akaufunga mdomo.

Kijana mwingine alimnyang'anya mfuko. Akatoa kalamu, kitambala, mandazi mawili ndani ya karatasi, na cahier ya bluu. Akaifungua. Uso wake ukabadilika.

"Papa chef. Kuya uone. Huyu anaandika majina yetu."

"Majina ya nani?"

"Yetu! Ona: Papa Onésime wa ku kiosque. Ona: Mama Tamar. Nyumba, avenue, siku, batu ngapi balikuwa mu nyumba. Yote!"

Ilikuwa kazi yake ya stage. Ndiyo malalamiko ya wale waliochomewa nyumba, waliopoteza watu. Maître husema, yeye anaandika. Lakini nani angesikia hayo sasa? Mduara ulikuwa umeingia ndani kwa hatua moja, kisha nyingine. Mtu alimvuta nywele. Jiwe dogo lilipiga ukuta karibu na sikio lake, na udongo ukamwagikia begani.

"Sema Kinande!" mwanamke mmoja akapaza sauti.

Kinande, lugha aliyonyonya kwa mama yake, ilimtoka kichwani yote. Alifungua mdomo, hakuna kitu.

"Hakisemi! Hakisemi!"

"Niache nipige telefone," Jemima akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka sita. "Papa chef, niache nipige telefone moja. Muweke haut-parleur. Mutasikia bote."

Papa Syauswa aliinua mkono. Umati ukasimama, kama mbwa aliyeambiwa kaa lakini hajakubali.

Alipiga. Réseau ya simu ikakatika. Kofia nyekundu akacheka. Alipiga tena. Ikalia mara moja, mara mbili, mara tano, na Jemima alikuwa anasali bila maneno.

"Jemima!" Sauti ya mwanamke ililipuka parcelle nzima, nyuma yake makelele ya soko la Butembo. "Wasibire!" akamsalimu kwa Kinande. "Umekula? Hapana niambie mandazi! Jana mandazi, juzi mandazi! Nilikutuma Beni kusoma ao kuvimba?"

Mama yake hakuwa na haja ya kujibiwa.

"Na maharagi ya kutoka Kayna nilikutumia, umeshapika ao unangoya yaote? Usiweke chumvi mbele, nilikuambia, itakuwa magumu kama mawe! Na dirisha unafungaka? Papa yako halale juu ya kukuwaza. Anaamuka anauliza, kule Beni anafungaka dirisha? Mie nasema, enda ukafunge weye mwenyewe!"

Mwanamke mmoja nyuma alicheka. Wa pili akacheka. Yule aliyetaka Kinande alisema kitu kwa Kinande, na sauti ya kwenye simu ikamjibu hapo hapo kwa Kinande, haraka, kwa lafudhi ya watu wa Butembo wanaojua kuuza, ikauliza ni nani huyo na kama anaona mtoto wake amekonda. Yule mwanamke akasema hajakonda. Watu wakacheka zaidi.

"Iko makelele gani kwako?" mama yake akauliza ghafla. Sauti ilishuka. "Jemima. Uko wapi?"

"Niko ku soko, mama."

"Unalia?"

"Ni vitunguu, mama. Nitakupigia."

Alikata. Machozi yalimtoka bila ruhusa yake. Ndipo Mama Kanyere akatoka mbele ya watu.

"Mumuache mutoto wa batu," akasema. "Ni mie nilibadilisha kadenasi. Ya kwanza ilioza. Ufunguo nilisahau mu kikapo, dada yangu ameenda nayo ku shamba. Anarudia saa tisa."

Uongo mtupu, na ulitoka laini kama mafuta. Jemima hakujua amshukuru ao amkaribie amtemee mate.

Papa Syauswa alitazama mlango. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

"Mama Kanyere, tunajuana na weye tangu zamani," akasema polepole. "Saa tisa nitarudia. Nikikuta imefungwa, bijana batavunja, na sitabazuia. Umesikia?"

"Nimesikia."

Wakatoka. Kofia nyekundu alitoka wa mwisho, na alitoka kinyumenyume.

Saa ya simu ya Jemima ilionyesha saa saba na dakika kumi.

Mama Kanyere akafungua, wakaingia. Ndani, joto la manjanja lilikuwa linachoma. Msichana alikuwa amekaa kwenye matela, godoro la Jemima, magoti kidevuni. Alikuwa mdogo kuliko kwenye picha. Sijui mtu anawezaje kuongezeka miaka na kupungua mwili. Mguu wake wa kushoto ulifungwa kitambala, na kitambala kilikuwa kimelowa usaha. Mbele yake ilikuwa sufuria ya Jemima, na ile fufu ya jana ya mabonge ilikuwa imekwisha yote.

"Unisamehe, yaya," Léa akasema, kama anaongea na dada mkubwa. "Nilikula chakula yako."

"Ilikuwa mubaya," Jemima akasema, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

"Ilikuwa na chumvi."

Léa akaisukuma sufuria pembeni.

"Nilisikia yote," akasema. "Ile sauti ya bijana. Nilikimbia batu ba kule siku ine, natembea na mukono na magoti, nikifika kwetu nasikia sauti ni ile ile."

Jemima alifungua valize, akatoa carte yake, akaitia mfukoni. Halafu akaanza kutia nguo. Mambo yako wazi, aliwaza. Basi la Butembo linaondoka saa nane. Kabla ya giza ataona taa za kwao, atalala katikati ya wadogo zake, na stage itakuwa imekwisha. Hata mwaka wa masomo ukipotea, utapotea. Mama Kanyere alimtazama akikunja blouse, akasogea ampishe. Angesema nini?

Jemima alifunga valize. Akafika mlangoni.

"Enda, yaya," Léa akasema nyuma yake, bila lawama yoyote. "Ata mie ningekimbia."

Kama angemlaani, Jemima angekwenda. Kama angemshika miguu na kumlilia, angekwenda pia. Alisimama pale mlangoni na valize mkononi, akaiweka chini. Hakuwa ameacha kuogopa, msije mkafikiri hivyo. Aliiweka kwa sababu vidole vilikataa kuishika.

Akampigia Maître Kasonia. Wakili alikuwa mahakamani, kwenye tribunal, akatoka nje kumsikiliza. Jemima alieleza yote kwa pumzi moja.

"Iko na silaha?" Maître akauliza.

"Iko na kidonda, Maître."

"Donc sikiliza vizuri. Mie siwezi fika mbele ya saa tisa. Umulete ku bureau. Sasa. Kwa miguu, mu njia kubwa, uso wazi. Pikipiki hapana, juu batasema munakimbia. Na hapana mufunika kichwa."

"Maître, batatuua."

"Bakivunja mulango bamukute gizani, hakuna mutu atamuuliza jina. Bakimukuta mu njia anatembea na mama yake, batauliza. Ile ulizo moja ndiyo nafasi iko nayo. Jemima? Uko na nguvu?"

"Hapana, Maître."

"Sawa. Mulete vile vile."

Mama Kanyere alikataa. Alisimama mlangoni na mikono imefunguka, kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Mutoto yangu nilimuzika mara moja, sitamuzika tena! Weye ulikuya Beni juzi, unajua nini? Ata ku robinet unasimamaka mahali pabaya!"

"Sijui kitu, mama. Ni kweli." Jemima alikuwa anapangusa pua kwa mkono. "Mais saa tisa batarudia. Utabadilisha kadenasi ngapi?"

Mikono ya Mama Kanyere ilishuka yenyewe.

Wakamwosha Léa uso kwa maji ya bidon. Jemima alimpa kikwembe chake kizuri, kile cha kuendea kanisani, na blouse ile ile aliyokuwa ameikunja kwa safari. Mguu waliufunga upya. Wakatoka watatu, Léa katikati, saa nane na nusu, jua likiwa kali hata kuku walikuwa kivulini.

Hakuna safari fupi iliyokuwa ndefu kama ile.

Kwenye nyumba ya kwanza, mwanamke aliyekuwa anachambua sombe aliinua kichwa, majani yakabaki mkononi. Kwenye ya pili, mlango ulifungwa. Nyuma yao miguu ilianza kusikika, miwili, minne, kisha mingi. Jemima alitaka kugeuka, hakugeuka. Mkono wa Léa ulikuwa ndani ya wake, mkavu, unawaka homa, na kila hatua ulibana kama mtu anayehesabu.

"Hapana kimbia," Jemima alikuwa anasema, na alikuwa anajiambia mwenyewe. "Hapana kimbia. Hapana kimbia."

Kwenye carrefour, njia panda, vijana walikuwa wamevuta kamba njiani. Papa Syauswa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, cahier magotini. Kofia nyekundu alisimama pembeni yake, na lile jiwe alikuwa bado hajalitupa.

"Carte," chef akasema.

Jemima akatoa yake. Mzee aliisoma mbele na nyuma, akaandika jina lake kwenye cahier, herufi kwa herufi. Mwishowe alikuwa ameandikwa Beni.

"Na huyu wa pili?"

Jemima alikuwa ametayarisha maneno njiani: ni mtu wa bureau yetu, Maître anamngoja, ana haki ya kusikilizwa. Alifungua mdomo. Léa akamtangulia.

"Mie ni Léa. Mutoto wa Kanyere." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini carrefour nzima iliisikia. "Papa Syauswa, siku ya matanga yangu, mama anasema ni weye ulisoma jina yangu mbele ya batu. Soma tena. Niko hapa."

Kalamu ilianguka. Mzee aliinuka polepole, akamsogelea, akamtazama jicho moja, kisha la pili, kama mtu anayesoma karatasi iliyolowa maji. Kofia nyekundu alipandisha mkono wenye jiwe.

"Ametumwa," akasema. "Papa chef, ametumwa huyu!"

"Weka chini," Papa Syauswa akasema.

"Papa chef..."

"Nimesema weka chini! Huyu mutoto nilimubeba siku ya ubatizo yake."

Jiwe lilianguka. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, akakikata katikati, hana hakika. Mwingine alianza kulia. Mama Kanyere alikaa chini palepale njiani, kwenye vumbi. Na Jemima akajisikia anapumua kwa mara ya kwanza tangu saa sita.

Alipumua mapema.

Taximan mmoja alikuwa amesimamisha moto yake, pikipiki ya abiria, nyuma ya umati. Aliiachilia tu. Moto ikaanguka, abiria akaruka pembeni anatukana, na yeye akapita kati ya watu bila kuona mtu. Wote walimpisha, kwa sababu wote walimjua: Nzanzu, mume wa Léa, aliyevaa nguo nyeusi mwaka mzima kwa ajili yake.

Hakumkumbatia. Alisimama mbele yake, mikono inaning'inia.

"Balikuchukua na mimba ya miezi saba," akasema. "Léa. Mutoto yangu iko wapi?"

Mama Kanyere alifunika uso. Tangu alfajiri hakuthubutu kuuliza swali hilo. Léa aliachilia mkono wa Jemima.

"Iko muzima," Léa akasema.

"Wapi?"

"Ku mto. Ng'ambo, mu migomba. Mie singeweza kumubeba na huu muguu, nikatangulia kuona kama kwetu bado kuko batu." Akaonyesha mtoni kwa kidole. "Alibakia na ule alitutorosha."

"Nani huyo?" chef akauliza.

Léa alimtazama Jemima, si mumewe wala mama yake. Alimtazama kama mtu anayeomba aambiwe la kusema.

"Ni mumoja wao," Léa akasema. "Iko na bunduki, na mutoto iko mu mukono yake. Mais alichoka na kule, Papa chef, ni yeye alitufungulia, na mie nilimuapia hapa kwetu hakuna mutu ata..."

Lakini kofia nyekundu alikuwa amekwisha kuruka kamba, na vijana kumi nyuma yake, wanashuka mbio kuelekea mtoni, na hakuna hata mmoja wao aliyengoja kusikia mwisho wa maneno yake.